Kutoka Mwanza Hadi Bukoba: Rula Peke Yake Haitoshi

Katika darasa la jiografia swali hili ni jepesi kuuliza: kutoka Mwanza hadi Bukoba ni umbali gani? Mwanafunzi wa Kiseke atafungua atlasi, ataweka rula juu ya Ziwa Viktoria, atasoma sentimita na kuzizidisha kwa kipimio cha ramani, kisha atajibu kwamba ni kilomita 178 au karibu na hapo. Mwalimu atampa alama zake, na somo litaendelea. Lakini mwanafunzi huyohuyo akimwuliza dereva wa basi, ataambiwa kwamba ni zaidi ya kilomita 400. Akimwuliza mchuuzi wa ndizi anayepokea mzigo wake bandarini, hatatajiwa kilomita hata moja. Ataambiwa kwamba ni mwendo wa usiku mmoja, kwa kuwa desturi ya meli za njia hiyo ni kung'oa nanga jioni na kutia nanga asubuhi. Na aliyekwenda kwa ndege atasema kwamba ni robo tatu ya saa, tena huenda asitaje kabisa muda alioutumia kabla ya kupanda na baada ya kushuka.

Swali ni moja, na majibu ni manne. Watu wengi waliopata elimu hudhani kwamba jibu la rula ndilo la kisayansi, na hayo mengine ni mazungumzo ya wasafiri. Dhana hiyo haina budi kupingwa, na mahali pa kuipinga ni shuleni, kwa sababu ndiko inakozaliwa. Jibu la rula ni sahihi kwa swali la rula. Kwa mgonjwa, kwa mfanyabiashara wa samaki, au kwa mwanafunzi anayerudi shuleni baada ya likizo, swali ni jingine kabisa, na kipimo chake ni saa.

Hata hivyo si vema kulibeza jibu la kwanza kabla ya kulielewa, maana lina uzuri wake, na uzuri huo wanafunzi wa Kanda ya Ziwa wana bahati ya kuupata kwa urahisi kuliko wenzao wengi duniani. Mji wa Mwanza uko kwenye latitudo ya digrii 2 na dakika 31 Kusini, na longitudo ya digrii 32 na dakika 54 Mashariki. Bukoba iko kwenye digrii 1 na dakika 20 Kusini, na digrii 31 na dakika 49 Mashariki. Tofauti ya latitudo ni digrii 1 na dakika 11. Tofauti ya longitudo ni digrii 1 na dakika 5. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111 popote duniani. Digrii ya longitudo haina uthabiti huo: katika ikweta nayo ni kilomita 111, lakini huzidi kuwa fupi kadiri mtu anavyokaribia ncha za dunia. Katika latitudo ya London, kwa mfano, ni kilomita 69 tu. Mwanza na Bukoba ziko karibu sana na ikweta, hata tofauti hiyo haifiki sehemu moja katika mia. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiseke anaweza kuhesabu kana kwamba dunia ni bapa: kilomita 131 kwenda kaskazini, kilomita 120 kwenda magharibi, kisha kanuni ya Pythagoras impe upande mrefu wa pembetatu mraba, yaani kilomita 178. Mwanafunzi wa London akifanya hesabu hiyo vivyo hivyo atapata jibu la upotofu.

Kwa njia hiyohiyo, kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 850. Katika hesabu hiyo mwanafunzi atagundua pia kwamba Mwanza iko digrii 6 na dakika 23 magharibi ya Dar es Salaam, na kwa kuwa dunia huzunguka digrii moja katika kila dakika 4, adhuhuri ya jua huchelewa Mwanza kwa dakika 25 na ushei, ijapokuwa saa za ukutani katika miji yote miwili husoma namna moja.

Sasa na tushuke kutoka kwenye mstari wa rula hadi kwenye udongo.

Barabara ya kwenda Bukoba haiwezi kupita juu ya maji. Hutoka Mwanza ikielekea kusini, upande ambao si wa Bukoba hata kidogo, hadi Usagara; huko hugeuka magharibi kwenda Kigongo, penye Ghuba ya Mwanza. Ghuba hiyo ni ulimi wa ziwa ulioingia katika nchi kavu kwa kiasi cha kilomita 60. Baada ya kuvuka, barabara hupita Busisi, Sengerema na Geita, ikaizunguka kona ya kusini-magharibi ya ziwa kupitia Chato, kisha ikapanda kaskazini kupitia Muleba hadi Bukoba. Urefu wake wote ni takriban kilomita 410. Ukigawa 410 kwa 178 unapata 2.3. Namba hii, ambayo yafaa iitwe kipimo cha mzunguko, haionekani katika atlasi za shule, ingawa inaeleza mengi kuhusu maisha ya watu wa Kanda ya Ziwa kuliko urefu wa mito mingi ambayo wanafunzi hulazimika kuikariri.

Linganisha na njia ya Dar es Salaam. Barabara ya kupitia Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro ina urefu wa kilomita 1,150 hivi. Kipimo chake cha mzunguko ni 1.35 tu. Reli ya Kati, inayopitia Tabora, ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, na kipimo chake ni zaidi kidogo ya 1.4. Hizi ni njia za kawaida za nchi kavu, zinazokwepa mlima huku na bonde kule. Bukoba iko karibu zaidi kwa mara nyingi, lakini njia yake imepinda zaidi.

Baada ya urefu wa njia huja muda, na hapa ndipo makosa ya hesabu yanapozidi. Kosa la kwanza ni la ndege. Ndege hutumia muda wa saa moja na nusu hivi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam. Ukigawa kilomita 850 kwa muda huo, unapata kasi ya kilomita 567 kwa saa. Basi likienda kwa wastani wa kilomita 70 kwa saa hutumia zaidi ya saa 16. Msomaji atasema kwamba ndege ni bora mara kumi na moja. Lakini abiria halali kiwanjani wala haishi kiwanjani. Hata mkazi wa Kiseke, ambaye kiwanja cha ndege kimo katika wilaya yake ya Ilemela, atatumia nusu saa kufika huko. Atatakiwa awepo saa mbili kabla ya ndege kuruka. Baada ya kutua atatumia nusu saa nyingine kushuka na kupokea mizigo. Na kutoka kiwanjani hadi nyumbani kwa mwenyeji wake, katika msongamano wa magari wa Dar es Salaam, haitakuwa ajabu atumie saa moja na nusu. Jumla ni saa 6. Kasi ya ndege ni kilomita 567 kwa saa, ila kasi ya abiria, kutoka mlango hadi mlango, ni kilomita 142. Anamshinda mwenzake wa basi mara mbili na robo tatu. Ushindi huo ni mkubwa, lakini si ule wa tangazo la biashara, na nauli yake ni kubwa kwa mara kadhaa kuliko ya basi.

Aliyepata kukosa ndege anajua pia kwamba upo mtego wa saa zenyewe. Tiketi huandika 06:00, na msafiri aliyezoea saa za Kiswahili husoma saa sita, akaja mchana, ilhali ndege iliruka saa 12 asubuhi.

Katika safari fupi hesabu ya ndege hubadilika zaidi, na ndipo ziwa linapoonyesha nguvu zake. Chukulia kwamba muda wa nje ya ndege, yaani kwenda kiwanjani, kungoja, kupokea mizigo na kwenda nyumbani, ni saa 3 na nusu kwa mtu wa Bukoba, ambako mji ni mdogo na kiwanja kiko karibu. Chukulia pia kwamba ndege ya pangaboi huenda kwa wastani wa kilomita 400 kwa saa, na basi kwa kilomita 60 kwa saa pamoja na vituo vyake. Safari ya ndege ya kilomita 178 angani itakuwa dakika 27, na kwa jumla ya mlango hadi mlango karibu saa 4. Sasa jaalia kwamba ziwa halipo, na kwamba barabara ya Bukoba ina mzunguko wa kawaida kama ile ya Dar es Salaam. Urefu wake ungekuwa kilomita 240, na basi lingefika kwa saa 4. Ndege na basi zingefika pamoja! Asingekuwapo mtu mwenye akili timamu wa kununua tiketi ya ndege, isipokuwa kwa fahari. Kwa kuwa ziwa lipo, basi hutumia karibu saa 7 barabarani, na ndege huwa na maana.

Kwa maneno mengine, umbali ambao ndege huanza kulishinda basi si namba moja kwa nchi nzima. Palipo na barabara ya kawaida ni kama kilomita 175 za mstari ulionyooka. Kandokando ya ziwa, penye kipimo cha mzunguko cha 2.3, ni kilomita 98 tu. Namba hizo zitabadilika mtu akibadili makadirio ya mwanzo, na wanafunzi na wazibadili kwa kadiri wanavyojua mambo ya kwao. Lakini mwelekeo hautabadilika. Jambo hili lina uzito katika mipango ya nchi: kusema kwamba mji fulani hauhitaji huduma ya ndege kwa sababu uko "karibu" ni kusema bila kutazama sura ya ardhi.

Pengine ndiyo sababu anga lilifika Mwanza mapema kuliko mtu angetazamia. Mwezi Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari za kila juma za barua kutoka London, na mwisho wa njia hiyo kwa upande wa kusini, kabla haijaendelezwa hadi Afrika Kusini, ulikuwa Mwanza. Barua ya London ilikuwa na ratiba ya ndege hadi Mwanza miongo mingi kabla ya mtu wa Mwanza kuwa na barabara ya lami ya kumfikisha Bukoba. Reli kutoka Tabora ilikuwa imefika Mwanza mwaka 1928, miaka mitatu tu mapema. Kabla ya hapo watu walihesabu mwendo kwa siku. Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Kaze, yaani Tabora ya leo, tarehe 9 Julai 1858, akaliona ziwa katika sehemu za Mwanza tarehe 3 Agosti: siku 25 kwa kilomita 278 za mstari ulionyooka, sawa na kilomita 11 kwa siku. Wapagazi waliobeba mizigo ya misafara hiyo hawakuwa na haja ya kilomita. Walisema "mwendo wa siku tano", na katika neno hilo walijumlisha mabonde, visima, mvua, uzito wa mzigo na mapumziko. Hicho kilikuwa kipimo kamili kuliko cha rula, na ni masikitiko kwamba shule zilikifukuza darasani zikidhani ni ujinga.

Kuna mfano mwingine ambao wazee wa Mwanza wanaukumbuka vizuri. Kwa miaka mingi, kabla ya barabara ya kupitia Singida na Dodoma kutiwa lami yote, mabasi mengi ya kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam yalipitia Sirari, yakaingia Kenya, yakafika Nairobi, yakatoka Namanga na kupitia Arusha. Njia hiyo ilikuwa na zaidi ya kilomita 1,500, na abiria alivuka mpaka wa nchi mara mbili, akiwa na hati za kusafiria, ili aende kutoka mji wa Tanzania hadi mji mwingine wa Tanzania. Kwa rula huo ulikuwa wazimu. Kwa saa ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu lami ya ugenini ilikuwa na kasi kuliko tope la nyumbani. Hakuna ramani ya ukutani iliyoweza kumweleza mwanafunzi jambo hilo.

Kosa la pili la hesabu ni la wastani. Watu hudhani kwamba gari likienda nusu ya njia kwa kilomita 80 kwa saa na nusu nyingine kwa kilomita 40, wastani wake ni 60. Sivyo. Wastani ni kilomita 53 kwa saa, kwa sababu gari hukaa muda mrefu zaidi katika sehemu ya polepole. Mwendo mdogo huutawala wastani. Mfano ulio wazi kuliko yote katika Tanzania ulikuwa pale Kigongo na Busisi, ambapo hadi mwaka 2025 magari yalivushwa kwa pantoni. Kuvuka kulichukua dakika 35 hivi, na kungoja kuliweza kufika saa mbili. Chukua kungoja kwa saa moja tu: dakika 95 kwa kuvuka maji ya kilomita 3. Hiyo ni kasi ya kilomita 1.9 kwa saa, nusu ya mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Kilomita hizo 3 ni chini ya sehemu moja katika mia ya njia yote ya Bukoba, lakini zilikula karibu moja ya tano ya muda wote wa safari. Serikali ingeweza kunyoosha kona mia moja za barabara ya Geita isipate faida iliyokuwa imelala katika kilomita hizo 3.

Daraja la Kigongo–Busisi, lililopewa jina la Rais John Pombe Magufuli, lilianza kujengwa mwaka 2020 na kufunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025. Gari hulivuka kwa dakika 4 hivi. Ukichukua atlasi ya mwaka 2019 na nyingine ya baada ya daraja, ukapima kwa rula kutoka Mwanza hadi Sengerema, utapata jibu lilelile. Kwa mujibu wa rula hakuna kilichotokea.

Yafaa kukaa kidogo juu ya pantoni, kwa sababu lilificha jambo ambalo hata wastani haulionyeshi. Hospitali ya Rufaa ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima mjini Mwanza, ndiyo hupokea wagonjwa mahututi wa Kanda ya Ziwa. Mama mjamzito anayetokwa damu huko Sengerema hahitaji kujua wastani wa muda wa kuvuka. Anahitaji kujua muda mrefu kuliko wote unaoweza kumpata. Pantoni likiwa upande wake na gari la wagonjwa likapewa nafasi ya kwanza, angevuka kwa nusu saa na ushei. Likiwa ng'ambo, angengoja lirudi, kipaumbele au bila kipaumbele. Likiwa limefungwa kwa giza, kwa upepo au kwa ubovu wa mtambo, hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Wanahisabati huita jambo hili mtawanyiko. Safari mbili zinaweza kuwa na wastani mmoja wa dakika 90, moja ikawa kati ya dakika 85 na 95 kila siku, na ya pili ikawa kati ya dakika 40 na saa 4. Kwa mkulima anayekwenda kumsalimu shemeji yake, safari hizo zinakaribiana. Kwa mama yule haziko sawa hata kidogo, na daktari aliye upande wa pili hawezi kupanga lolote kwa safari ya pili.

Kwa hiyo faida kubwa ya daraja ni kwamba limeuondoa mtawanyiko. Saa moja na nusu iliyopunguzwa ni jambo dogo mbele ya hilo. Anayeondoka Sengerema sasa anaweza kusema atafika saa ngapi, na kusema hivyo ni aina ya utajiri. Mchuuzi wa sangara haongezi tena barafu ya tahadhari. Mwanafunzi haondoki alfajiri kwa kuogopa foleni. Muda huo wa tahadhari, ambao watu huubeba kila safari kama mzigo usioandikwa katika tiketi, haumo katika takwimu za barabara, nao ungestahili kupimwa.

Wapo wanaopinga mawazo kama haya, na hoja yao si ya kupuuzwa. Husema kwamba kilomita haidanganyi: ni ileile kiangazi na masika, kwa tajiri na kwa maskini, na sayansi hutafuta vitu visivyobadilika. Muda, kwa upande wao, hutegemea dereva, askari wa barabarani, mvua na gurudumu. Utawafundishaje wanafunzi kitu kinachobadilika kila siku? Jibu ni kwamba mvua nayo hubadilika kila siku, na hakuna anayesema isipimwe. Vituo vya hali ya hewa huipima kwa miaka, vikaandika wastani, kiwango cha juu na kiwango cha chini, na mkulima akapata faida. Kitu kinachobadilika kinahitaji kupimwa mara nyingi, hakihitaji kuachwa. Tena muda wa safari hubadilika kwa sababu zinazojulikana. Mabasi ya mikoani, kwa mfano, yalizuiwa kwa miaka mingi kusafiri usiku kucha, hadi ruhusa ilipotolewa mwaka 2023. Siku ya ruhusa hiyo barabara haikufupika hata kwa hatua moja, ila safari ya Mwanza na Dar es Salaam ilibadilika kwa abiria ambaye awali alilazimika kuondoka alfajiri au kulala njiani. Sheria ni sehemu ya umbali, kama ilivyo lami.

Hoja nyingine ya upinzani ni nzito zaidi, nayo ni ya usalama. Tukiwafundisha vijana kuthamini saa, je, hatuwafundishi haraka? Ziwa Viktoria limetoa majibu machungu. Meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kuja Mwanza, ilipinduka na kuzama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kufika, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na kiwanja cha Bukoba, katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 wakapoteza maisha. Mwalimu hawezi kuzungumzia njia za Bukoba darasani asizitaje siku hizo; katika madarasa mengine wamo wajukuu wa waliozama. Ni kweli kwamba njia ya haraka ikikosa usalama si njia. Ila hofu hiyo haiponywi kwa kurudi kwenye rula. Rubani anayezunguka angani akingoja mawingu yapungue, au nahodha anayekataa kung'oa nanga kwa sababu ya upepo, anaongeza muda wa safari kwa makusudi na kwa haki. Mwanafunzi aliyepima muda kwa miezi kadhaa ataelewa ucheleweshaji huo ni wa namna gani, naye ataweza kuutofautisha na uzembe. Asiyepima hulalamikia vyote viwili kwa sauti moja.

Kilichobaki ni namna ya kuanza, na hakihitaji maabara. Shule ya sekondari ya Kiseke, au nyingine yoyote mkoani, ina wanafunzi ambao jamaa zao husafiri kila juma: huyu baba yake ni utingo wa basi la Bukoba, yule shangazi yake huuza dagaa Kahama, mwingine ana kaka anayesoma Dar es Salaam. Kila msafiri akiombwa kuandika mambo matano tu, yaani saa ya kutoka mlangoni, saa ya chombo kuondoka, saa ya chombo kufika, saa ya kuingia mlango wa pili, na lolote lililosimamisha safari, darasa la wanafunzi 40 litakuwa na safari mia kadhaa kabla ya muhula kwisha. Mwalimu wa hisabati atapata humo wastani, mtawanyiko na michoro. Mwalimu wa jiografia ataweza kuchora ramani mpya ya kanda, ambayo ndani yake kilomita zimebadilishwa kuwa saa: katika ramani hiyo Sengerema itasogea karibu na Mwanza kuliko ilivyokuwa mwaka 2024, na visiwa vya Ukerewe na Ukara vitakwenda mbali kuliko atlasi inavyosema. Kampala nayo, ambayo kwa mstari ulionyooka iko kilomita 315 tu kutoka Mwanza, itasukumwa mbali sana kaskazini, kwa maana basi lake sharti liuzunguke upande mzima wa magharibi wa ziwa.

Ramani ya namna hiyo ikitundikwa ukutani kando ya ile ya kawaida, mwanafunzi anaweza kuulizwa tena lile swali la Bukoba. Safari hii, kabla ya kushika rula, hana budi kuuliza kwanza: anayekwenda ni nani, anakwenda kwa chombo gani, anaondoka saa ngapi, na iwapo akichelewa itakuwaje. Uchapishaji wa atlasi za shule ni kazi ya miaka mingi na fedha nyingi. Lakini daftari la safari lenye safu tano linaweza kuanza Jumatatu ijayo, na safu ya tano, ile ya mambo yaliyosimamisha safari, huenda ndiyo itakayosomwa zaidi na maofisa wa barabara, bandari na viwanja vya ndege, endapo shule zitakuwa na ujasiri wa kuwapelekea.